Barua ya wazi: mlipoacha patupu, kompyuta imesoma sifuri

Kwa wenye dhamana ya maji, mazingira na afya,
Mkoa wa Kigoma.

YAH: SAFU ILIYO TUPU KWENYE TAARIFA ZA MAJITAKA

Waheshimiwa,

Poleni na kazi. Naandika nikiwa Mwanga, Kigoma mjini. Barua hii nimeiacha wazi makusudi, kwa sababu za kufungwa na bahasha nilishaandika tatu, na yaliyozipata nitayaeleza huko mbele.

Kazi yangu ni kupima maji. Nachota, napima, naandika kwenye daftari, kisha namba zile zinaingia kwenye modeli ya kompyuta inayokadiria uchafu unaobebwa na mito na mifereji hadi Ziwa Tanganyika. Kwa asiyeifahamu, modeli ni hesabu ndefu tu. Unaiambia mvua imenyesha kiasi gani, mteremko ukoje, udongo ni wa namna gani, nani kalima mahindi na nani kauacha msitu usimame, bomba lipi linamwaga nini na wapi. Yenyewe inajumlisha, inakwambia kwamba katika kidakio cha mto huu, yaani eneo lote ambalo maji yake huishia mtoni humo, mwezi huu, kilo kadhaa za naitrojeni na fosforasi zimefika ziwani. Mvua tunayo, japo vituo ni vichache. Mteremko ulishapimwa na satelaiti. Udongo una ramani. Tunakokwama kila mara ni kwenye majitaka: nani anamwaga, wapi, saa ngapi, kiasi gani, na ndani yake mna nini.

Sasa nisikilizeni kwa hapa, maana ndiyo sababu ya barua yote. Kompyuta haijui kusema "sijui". Ukiacha kisanduku cha majitaka kitupu, programu haisimami ikakuuliza. Inasoma sifuri na kuendelea na safari. Machinjio yasiyo na taarifa yanageuka machinjio yasiyotoa hata tone. Nyumba ya wageni ya vyumba arobaini inakuwa haina choo. Kigoma-Ujiji, manispaa ya watu zaidi ya laki mbili, inaonekana kwenye skrini safi kama mbuga isiyo na mtu.

Na haliishii hapo. Modeli lazima ilinganishwe na maji halisi. Tukichota mdomoni mwa mto tukakuta fosforasi nyingi, na modeli inasema kuna kidogo, mtaalamu hukaa akarekebisha vigezo mpaka namba zipatane. Vigezo gani? Vile alivyo navyo: mmomonyoko, mbolea, samadi. Vyote ni vya shambani. Bomba hawezi kulirekebisha kwa kuwa halimo kwenye hesabu. Hivyo uchafu wa mjini unahamishwa kimyakimya, kwa kubofya tu, na kubebeshwa mkulima wa mpunga wa Luiche au wa maharage huko mlimani. Ripoti inatoka na ramani ya rangi, mashamba yamewekwa nyekundu, mji umewekwa kijani. Inafuata semina. Semina inaazimia kwamba wakulima waelimishwe. Nimewahi kukaa kwenye semina ya namna hiyo, nikanywa chai na maandazi, na sikusema kitu. Mpaka leo linanikera.

Sisemi mkulima hana lake. Anayelima kwenye mteremko bila matuta anapeleka udongo ziwani, sote tunauona mto ulivyo mwekundu mvua zikikolea. Ila kila mmoja abebe mzigo wake. Na kuna shahidi ambaye hahongeki, naye ni kiangazi. Kati ya Juni na Septemba mvua hakuna, shamba haliwezi kuosha kitu likakipeleka mtoni. Mto ukiwa umekonda na bado maji yake yana uchafu ule ule jana, leo na kesho, basi uchafu huo una mwenyewe, ana bomba au shimo, na hangoji mvua. Kwa hiyo vipimo vya kiangazi ndivyo vyenye thamani kuliko vyote kwetu sisi wa modeli. Ndivyo vichache kuliko vyote pia, kwa kuwa watu huamka kupima maji pale kipindupindu kinapotajwa, na hapo mvua imeshaanza.

Tuje kwenye kosa ambalo kulitibu hakuna gharama, nalo ndilo linaloniumiza zaidi. Mkaguzi akifika kwenye mfereji anachota chupa moja, inapelekwa maabara, yanarudi majibu: BOD miligramu kadhaa kwa lita. BOD ni oksijeni ambayo vijidudu watatumia kuozesha uchafu ule kwa siku 5. Ikizidi, samaki wanakosa ya kuvuta. Kanuni zetu za ubora wa maji za 2007 zinataka majitaka yanayomwagwa yasizidi miligramu 30 kwa lita. Sawa. Lakini miligramu kwa lita ni nusu ya namba. Nusu nyingine ni lita ngapi.

Chukueni mifereji miwili. Wa kwanza una BOD ya miligramu 300 kwa lita, unanuka, unatoa lita 1 kwa sekunde. Wa pili una miligramu 60, haunuki sana, unatoa lita 20 kwa sekunde. Ukisoma faili, mkosaji mkubwa ni wa kwanza, na ndiye atakayepigwa faini. Ukizidisha kwa mtiririko wa siku nzima, wa kwanza unapeleka ziwani karibu kilo 26, wa pili karibu kilo 104. Mara nne. Yule wa pili anaondoka na onyo la mdomo. Kwenye mafaili niliyofanikiwa kuyaona, safu ya mtiririko ilikuwa tupu au imejazwa kwa kukisia, na mimi siwezi kuzidisha kwa hewa.

Kupima mtiririko si kazi ya wazungu wala mitambo. Kama maji yanatoka kwenye bomba linaloning'inia, ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha: hesabu sekunde mpaka ijae, rudia mara tatu, gawanya. Kama ni mfereji, unapachika ubao uliokatwa pengo la V la nyuzi 90, unaziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, unapima kimo cha maji juu ya ncha ya pengo. Sentimita 10 ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 5 si nusu yake, ni kama lita 0.8 tu. Hapo ndipo macho yanapodanganya, na ndiyo maana naogopa fomu iliyoandikwa "mtiririko: wa wastani". Wastani wa nini? Ubao wangu umetengenezwa na fundi seremala wa hapa hapa Mwanga kwa masalia ya mbao za kitanda.

Kuna na suala la saa. Machinjio hufanya kazi usiku wa manane kuamkia asubuhi. Katika mji mmoja wa mkoa huu, siutaji, nilifika saa 10 alfajiri nikiwa na tochi. Kuanzia hapo hadi saa 1 asubuhi mfereji ulikuwa wa rangi ya nyanya, ukisukuma damu, samadi ya matumboni na maji ya kuoshea sakafu. Saa 3 sakafu ilikuwa imekauka na jamaa wanapiga uji. Mkaguzi wa siku ile alifika saa 4 na nusu, baada ya kusaini kitabu ofisini na kungoja mafuta ya gari. Akachota kilichokuwepo, majimaji meupe ya bomba lililosahauliwa wazi. Hakudanganya mtu, aliandika alichokikuta. Lakini hiyo ndiyo namba itakayowakilisha machinjio yale kwa mwaka mzima. Anayemwaga kwa vipindi huchotewa kwa vipindi, kidogo kidogo kwa saa 24, kisha vinachanganywa kwa uwiano wa mtiririko. Mkishindwa saa 24, basi walau nendeni saa ambayo wao wanafanya kazi.

Saa hizo hamtazipata kwenye fomu. Zinapatikana kwa watu, na watu wanaogopa. Huko Kigoma Vijijini kuna kijito ambacho akina mama hukamulia mawese pembeni yake. Chikichi zinachemshwa kwenye mapipa, zinapondwa, zinakamuliwa, mafuta yanachemshwa tena na kuenguliwa. Yanayobaki ni maji mazito ya rangi ya kahawa, yenye harufu tamu inayogeuka chachu kufikia kesho yake. Nilipotoa chupa zangu, mama mmoja aliyekuwa akichochea moto aliniangalia kwa muda, akauliza:

"Mwanangu, wewe ni wa mazingira?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa kupima tu."

"Wa kupima wakishapita," akasema, "wa kufunga hawachelewi."

Sikuwa na jibu. Nilikaa kwenye gogo, nikasaidia kuokota maganda, na baada ya muda ndipo akaanza kunieleza mwenyewe: wanakamua siku mbili kwa wiki, maji machafu wanayamwaga jioni pipa likishapoa, na msimu chikichi zikiwa nyingi wanakamua hata siku nne. Maelezo yale ya nusu saa yalinifaa kuliko cheti chochote cha maabara. Majitaka mabichi ya mawese, kwenye viwanda vikubwa vya nchi zinazoyazalisha kwa wingi, hutajwa kuwa na BOD ya miligramu zipatazo 25,000 kwa lita. Linganisheni na ile 30 ya kanuni. Tangu kampeni ya kufufua michikichi ianze mkoani hapa 2018, miche imesambaa, na miche ikizaa mashine zitaongezeka. Nafurahi kwa hilo, mawese ni chakula chetu. Ila kama hatujui leo kijito kile kinapokea kiasi gani, baada ya miaka kumi tutabishana bila ushahidi, na mama yule ndiye atakayefungiwa wakati mwenye kiwanda kikubwa anaonyesha cheti.

Nimesema vipimo, sijasema maabara. Sampuli ya BOD inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 4 na ianze kupimwa ndani ya siku moja, mbili zikizidi sana. Ya vimelea vya kinyesi inataka haraka zaidi. Ukitoka nayo Kakonko au Kibondo na barabara ikakugomea, umebeba maji ya bure. Barafu nanunua kwa wauza samaki, napanga chupa katikati ya vipande vinavyonuka migebuka, nafunga kuluboksi kwa mpira wa baiskeli. Halafu kabati la maabara linatakiwa likae nyuzi 20 kwa siku 5 mfululizo. Umeme ukikatika siku ya tatu, ile sampuli ikazikwe. Naomba maabara zetu ziandike hivyo waziwazi: umeme ulikatika, sampuli imeharibika. Nimewahi kupokea majibu mazuri mno ya wiki ambayo mtaa mzima tulilala na mishumaa.

Ramani nazo zina visa vyake. Kigoma iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 4 na kitu, mashariki 29 na kitu. Aliyechapa orodha moja ya vibali alisahau alama ya kutoa. Nikaifungua kwenye kompyuta, na mabomba ya Kigoma yote yalikuwa yanamwaga Sudan Kusini, karibu na Maridi. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza. Hilo lilionekana haraka; baya ni lisiloonekana. Mstari wa nyuzi 30 mashariki unaukata mkoa wetu, kwa hiyo Kigoma mjini iko ukanda wa 35 wa ramani za mita, zile zinazotaja mahali kwa mita badala ya nyuzi, na Kasulu iko ukanda wa 36. Ukiandika mita bila kutaja ukanda, nukta inaruka mamia ya kilomita. Na ukitumia vipimo vya ramani za zamani, zilizochorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, kana kwamba ni vya GPS ya sasa, nukta inasogea mita 300 hivi. Mita 300 hapa kwetu, kwenye vilima hivi, ni kijito kingine kabisa. Bomba linatoka kwenye kidakio cha huyu, linawekwa kwa yule.

Tena wengi wetu hatuna bomba. Tuna mashimo. Shimo likijaa, mwenye uwezo anaita gari la kunyonya majitaka. Asiye na uwezo anangoja mvua kubwa ya usiku, anatoboa, anatapisha choo. Sote tunajua, na pua zinajua. Kwa modeli hili ni gumu kuliko machinjio, maana halina mahali pa kusimama ukapima. Lakini gari la kunyonya linahesabika! Lina ujazo unaojulikana, lina safari kwa siku, lina dereva anayejua mtaa alikotoka na mahali alikomwaga. Daftari la safari za magari hayo, likitunzwa mtaa kwa mtaa, lingetupa makadirio ya wale wanaonyonya, na kwa kutoa, ya wale wanaotapisha.

Nilisema nitaeleza habari za barua zangu. Ya kwanza niliomba orodha ya vibali vya kutiririsha majitaka, haikujibiwa. Ya pili niliambiwa nilete barua ya utambulisho. Nikaleta. Ya tatu niliambiwa faili lipo, ila mwenye ufunguo wa kabati yuko semina Dodoma. Ofisi siitaji, na waliokaa kaunta walinitendea kwa adabu, mmoja hata alinipa kiti. Baada ya miezi, nikapewa nakala iliyopigwa upande upande. Chini ya "kiasi kinachoruhusiwa", nyumba ya wageni iliandikwa mita za ujazo 50 kwa siku. Kiwanda, 50. Shule ya bweni, 50. Na hata kama 50 zingekuwa za kweli, hicho ni kiasi alichoruhusiwa mtu, sicho anachomwaga. Wenzetu wa modeli, wakikosa kingine, huingiza hicho cha kibali kana kwamba ndicho kilichotoka.

Sheria hazina upungufu mkubwa. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, na ile ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka anayemwaga awe na kibali. Ila ofisi ya bonde la maji ina karatasi zake, ya mazingira zake, mdhibiti wa huduma za maji zake, halmashauri kupitia maofisa afya zake. Mwenye mfereji ni yule yule mmoja. Marekani, ambako programu nyingi za modeli hizi zilitungwa, sheria yao ya maji ya 1972 inamfanya mwenye kibali ajipime mwenyewe na kupeleka taarifa, na nyingi mtu yeyote anazisoma kwenye intaneti. Si malaika hata wao: vipimo vinakosewa, na fosforasi haidaiwi kwa kila kibali, hadi wanamodeli wa huko nao wanakisia. Lakini mahali pa kuanzia kubishana wanapo.

Ninachoomba kinaingia kwenye kikao kimoja. Kaeni pamoja, mkubaliane juu ya daftari moja la wanaomwaga majitaka mkoani, lenye mahali walipo kwa nyuzi za desimali na alama ya kutoa mbele ya latitudo. Isikubaliwe sampuli isiyo na mtiririko wake na saa iliyochotwa. Kisichopimwa kiandikwe "hakijapimwa", kwa herufi, si kistari wala nafasi tupu, ili asiwepo mtu wa kukigeuza sifuri. Daftari libandikwe kwenye ubao wa matangazo na kwenye tovuti. Na mkubaliane kwamba kwa mwaka wa kwanza mkamuaji mdogo atakayefungua mlango apimwe hatafungiwa kwa sababu ya namba aliyoitoa mwenyewe. Aelekezwe kuchimba shimo la kutuliza. Bila hilo mtapata namba za saa 4 na nusu.

Mnajua ziwa lenyewe. Kina chake kinafika mita 1,470, mlango wake wa kutokea ni Mto Lukuga peke yake huko Kongo, na maji yake yanakadiriwa kukaa humo miaka ipatayo 440. Mkataba wa nchi nne wa kulisimamia ulisainiwa Dar es Salaam, Juni 12, 2003. Tukienda kukutana na Warundi, Wakongo na Wazambia tukiwa na ramani inayoonyesha mji wetu hautoi kitu, watatusikiliza kwa adabu tu.

Daftari langu liko tayari kukabidhiwa, kurasa zote, pamoja na zile zilizolowa. Ule ubao wa pengo la V uko nyuma ya nyumba, umeegemea mwembe. Ofisi yoyote inayoutaka itume mtu auchukue kabla Oktoba haijaisha, maana mfereji ukishajaa ubao hausimami.

Wenu katika kazi,
Mpima maji,
Mwanga, Kigoma.